Kufuli la Korogwe na Kufuli la Handeni

Athumani mwanangu,

Nimekusikia ukifunga geti. Umekwenda Old Korogwe kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla hujala kwake, maana bibi yako hamwachii mtu aondoke na tumbo jepesi. Kwa hiyo ninayo alasiri nzima ya kusema na wewe bila wewe kuangalia sahani.

Sitakuambia uchemshe maji wala uvae sweta. Handeni si Ulaya, na wewe si mtoto. Fulana zako nimezikunja, ukiona nimezikunja vibaya ujue mikono ilikuwa inafanya kazi na kichwa kipo kwingine. Tangu Jumatatu kichwa changu kipo kwenye lile neno nililokutupia mezani. Nitalifikia. Nikilianza sasa nitalia, na nikilia sitaandika, na mambo ya kuandika ni mengi.

Kesho unakwenda kukifungua upya kituo cha maziwa ambacho programu yangu ndiyo iliyokifunga. Watu wa kampuni wamekuambia kwa maneno yao, kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Wewe mwenyewe ulikuwepo siku ile, lakini ulikuwa mdogo, na ulichokiona ni maziwa yanamwagwa nyuma ya jengo na mama yako amesimama mikono kiunoni. Nataka ujue kilichotokea kabla ya hapo, kutoka kwangu, kabla hujakisikia kwa wenyeji.

Unajua nilivyoingia kwenye kompyuta. Ulikuwa bado unatambaa shamba la mkonge lilipouzwa. Makarani tukaitwa, tukaambiwa mwenye mali mpya hahitaji watu wote wale. Siku zile kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinafungwa au kinabadilishwa jina, na kila mtu mjini alikuwa na kibanda cha kuuza kitu. Mimi sikujua kuuza. Nilijua taipureta, na yule binti aliyeletwa ofisini kwetu alikuwa na kompyuta. Niseme ukweli, nilikwenda Tanga kusoma kwa wivu. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema, "Mama Athumani, wewe ukichukia unajifunza haraka." Hakukosea.

Mwenye kiwanda cha maziwa hapa mjini aliponichukua, nikamwandikia programu ya kituo cha kupokelea. Unaijua mpaka leo, ila ngoja niiseme kama nilivyomsimulia bibi yako. Ndani ya programu moja kuna kazi zinazokwenda sambamba, ndizo tunazoziita nyuzi. Uzi mmoja ulisoma mizani, mama akimimina maziwa uzito unaingia. Wa pili ulikaa na tangi la kupozea, unapima joto kila baada ya sekunde chache, likipanda unapiga king'ora. Wa tatu ulitoa risiti. Zote zilitumia jedwali moja la kumbukumbu, na ili zisivurugane niliweka kufuli: anayetaka kuandika anafunga, anaandika, anafungua, mwenzake anasubiri zamu. Hapa Korogwe ilikwenda vizuri mno. Nikavimba kichwa, hata salamu nikawa naitikia kwa mbali.

Bosi akafungua kituo Handeni, kwa wafugaji. Kompyuta ya kule alipewa na wafadhili fulani, imekuja na mfumo wa Linux, wakati ya hapa ilikuwa na Windows. Akaniuliza kama itanisumbua. Nikamjibu kuwa programu ni ile ile, nitaweka tabaka moja tu katikati, mkalimani, ambaye programu itamwambia "lala", "funga", "amsha", naye atayasema maneno hayo kwa lugha ya mfumo uliopo. Niliandika mkalimani yule kwa wiki moja. Nilidhani kazi ya mkalimani ni kubadilisha maneno tu.

Tulikwenda naye Handeni, nikafunga mitambo, na pale nikakutana na Mzee Mhina, mpokeaji wa kituo. Mzigua mmoja mpole, mcheshi, anaongea taratibu kama anayepima kila neno kwenye mizani yake. Tukawasha. Tangi likaonyesha joto mara moja, halafu kimya. Tukanywa chai. Tukala mihogo. Mzee Mhina akainama kwenye kioo akaniuliza, "Mama, hii inafikiri au imelala?"

Ilikuwa imelala kwelikweli. Nilikuwa nimeandika elfu tano. Kule kwenye Windows neno la kulala linahesabu vipande vya elfu vya sekunde, kwa hiyo elfu tano ni sekunde tano. Neno la Linux nililolitumia linahesabu sekunde zenyewe. Mkalimani wangu alichukua namba akaipitisha kama ilivyo, na uzi wangu ukajilalia zaidi ya saa nzima. Tulicheka mpaka Mzee Mhina akafuta macho. Nikarekebisha pale pale, na kosa langu kubwa likaanzia kwenye kicheko kile, kwa sababu niliona nimeshaipata ile tofauti yenyewe. Kumbe niliipata ile inayojionyesha. Nyingine zinakaa kimya, zinakungoja.

Sasa sikiliza juu ya makufuli.

Hapa Korogwe mkulima anakuja na ndoo yake. Anamimina, anapima, anaondoka. Nilikaa pale mlangoni siku nyingi nikiwatazama kabla ya kuandika, na nikaandika nilichokiona. Handeni sikukaa hata siku moja kuwatazama. Kule maziwa ni ya wanawake, kila mke na ng'ombe wake wa kukamua, lakini njia ya kuja kituoni ni ndefu, kwa hiyo wake wa boma moja wanaungana. Mmoja anabeba ya wote, au wanakuja pamoja na vibuyu vyao na kumimina kwa mpigo. Halafu, maziwa yakiwa bado mizanini, wanasema, haya ya mkubwa ni kiasi hiki, ya mdogo kiasi hiki, na haya ya mama mkwe. Mzee Mhina alikuwa anajua, na aliona kwenye kioo kuna kitufe cha kusahihisha, akakitumia kugawa. Alifanya kazi yake sawasawa.

Ila kitufe kile, kikibonyezwa uzito ukiwa bado unaandikwa, kilifanya uzi wa mizani ufunge kufuli ambalo wenyewe tayari umelifunga. Ni sawa na mtu aliyejifungia chooni halafu akabisha hodi akisubiri aliyemo atoke. Hapa Korogwe nilishawahi kukijaribu na hakikuleta shida, kwa sababu kufuli la Windows nililolitumia linamtambua mwenyewe. Likiona ni yule yule, linampisha. Kufuli la Linux, lile la kawaida nililolichukua bila kusoma zaidi, halimtambui mtu. Limefungwa, basi limefungwa, hata kama ni wewe uliyefunga. Uzi wa mizani ukasimama kujisubiri wenyewe. Uzi wa tangi ukaja kutaka kufuli lile lile, ukasimama nyuma yake. Na kioo, mwanangu, kikaendelea kuonyesha joto la mwisho lililosomwa, digrii nne, zuri kabisa.

Walidhani mizani tu ndiyo imekwama. Mzee Mhina akapima kwa mizani ya mkono, maziwa yakaendelea kuingia tangini. Siku hiyo hiyo mashine ya kupoza ikakata. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, hakuna aliyesikia tofauti. King'ora hakikulia kwa sababu mwenye kukipiga alikuwa kwenye foleni ya kufuli. Mtu akipita anatazama kioo, digrii nne, anaendelea na shughuli zake. Mpaka gari la kuchukua maziwa lilipofika, wakafungua kifuniko, wakakuta yote yameshachacha.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikakuchukua tukaenda wote. Tulipofika wanawake wameshaitwa, kwa sababu bosi alitaka washuhudie wenyewe wasije wakadhani wameibiwa. Nilianza kusema kabla sijashuka vizuri kwenye gari. Nilisema Korogwe inafanya kazi. Nikamwambia bosi, nikamwambia Mzee Mhina, nikawaambia wale akina mama, kwamba programu ni ile ile na Korogwe haijawahi kusimama hata siku moja. Nililisema neno lile kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wenzake wakimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniuliza, "Huko Korogwe yako, wake wenza hawapo?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema, "Ng'ombe amefanya kazi yake. Mimi nimeamka gizani, nimefanya yangu. Wewe na mashine yako mmefanya nini?"

Wakayatoa maziwa, wakayamwaga wenyewe nyuma ya jengo. Kwa watu wale maziwa hayamwagwi hivi hivi, ni kama kumwaga chakula cha mtoto akiwa anatazama. Yeyo alichovya vidole, akanyunyiza chini kidogo, akasema maneno ya kwao, ndipo akainamisha ndoo. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata. Kituo kikafungwa, na Mzee Mhina akarudi kwenye shamba lake.

Kosa lenyewe nililiona baadaye, nimekaa na mashine ya Linux hapa nyumbani, nikibonyeza kitufe kile kama alivyobonyeza yeye. Ilinichukua dakika chache tu, na hilo ndilo lililoniuma. Ningeweza kulijua kabla. Dawa ya haraka ilikuwepo, Linux nayo ukiiomba inakupa kufuli linalomtambua mwenyewe. Nikaiweka. Siku chache baadaye nikaitoa. Nilikaa nikapanga upya, kila kazi ijue kama kufuli limeshashikwa au bado, lifungwe mara moja na lifunguliwe mara moja, na programu isiwe na haja ya kusamehewa na mfumo wowote. Nilikuwa nimezoea nyumba inayosamehe mpaka nikadhani ni mimi ninayejua.

Hilo nimelifikiria sana wiki hii juu yako pia. Nyumba hii imekusamehe mengi. Ukichelewa, chakula kipo. Ukinuna, tunakuzunguka kama mwiba. Sijui nimekuandaa au nimekulemaza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na mimi nilikulea mkono mmoja ukiwa kwenye kompyuta.

Sasa lile kosa la tatu, ambalo hukulijua, maana halikuleta maafa kwa mtu. Au ndivyo nilivyodhani.

Uzi wa mizani ukimaliza unauamsha uzi wa risiti. Kwenye Windows nilitumia wito unaobaki. Ukiita na mwenzako hajalala, wito unamngoja mlangoni, akija kulala anaukuta anageuka. Kwenye Linux nilitumia wito usiobaki. Ukiita na hakuna anayesubiri, umekwenda na upepo. Mwenzako anakuja baadaye, analala, anasubiri wito ambao ulishapita, na atasubiri mpaka mashine izimwe. Nilihangaika nalo siku nyingi kwa sababu halitokei kila mara. Ni bahati tu ya nani amewahi. Dawa yake ni kwamba usitegemee wito peke yake. Andika alama mahali ambapo wote wawili wanapaona, chini ya kufuli, ndipo uite. Na anayetaka kulala, kabla hajalala, aangalie kwanza ile alama. Hivyo hata wito ukipotea, habari haipotei.

Nilikuwa nimezama kwenye jambo hilo wakati wewe ulipokuja likizo kutoka shule ya bweni kule Handeni. Nakumbuka ulisimama mlangoni. Ulisema, "Mama." Nikasema, "Subiri kidogo." Nilipogeuka hukuwepo. Nikakuuliza jioni ulikuwa unataka nini, ukasema hakuna. Nikaridhika, Mungu anisamehe, nikarudi kwenye mashine.

Juzi, baada ya ugomvi wetu, nilikwenda kwa bibi yako kulalamika. Nilitaka aseme kuwa wewe ni mkaidi. Badala yake akaniambia ulichokuja kusema siku ile. Kwamba bwenini walikuwa wanakuita mtoto wa mmwaga maziwa. Kwamba walikuwa wanakumwagia uji kitandani, na ulikuwa unalala kwenye godoro lililolowa, na ulitaka nikuhamishe. Ulimwambia bibi kwa sababu mimi nilikuwa na kazi. Ukamwapisha asiniambie. Ukarudi shuleni, ukakaa mpaka ukamaliza.

Nimekaa na jambo hili siku mbili hizi na sijui niliweke wapi. Nimeumia, Athumani. Uliniita mara moja tu, mimi sikuwa nasikiliza, na wewe hukuita tena. Tangu hapo nadhani hujaniita kwa jambo lolote zito. Nikikuuliza unasema hakuna. Nami nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba mwanangu hana makuu.

Ndiyo maana neno la Jumatatu linanitisha.

Uliposema unaipokea kazi ya Handeni nilifurahi, halafu ukasema utamtupa mkalimani wangu, uandike upya kwa Linux peke yake. Ulisema, "Mama, zile ni mashine mbili tofauti, kwa nini tunajifanya ni moja?" Nilisikia kama umesema nilipoteza miaka yangu. Ubishi wetu ungeishia kwenye ubishi, lakini mimi na ulimi wangu nikakuambia, "Basi nenda, na yakikushinda huko usinirudie na matatizo." Ukasema, "Sawa, mama." Ukaosha sahani yako.

Tangu siku hiyo tunapishana ukumbini. Nilikuwa nangoja wewe uombe radhi kwa kunidharau, na nadhani wewe unangoja mimi nianze kwa sababu ndiye niliyetamka. Kila mmoja ameshika chake, anangoja cha mwenzake. Mimi na wewe, wa kuyajua mambo haya kuliko wote katika wilaya hii, tumekwama kama programu ya mwanafunzi.

Juu ya mkalimani, nimefikiri, na nusu ya neno lako ni kweli. Nilikosea nilipomfanya afiche kwamba mifumo ni miwili. Mkalimani mzuri hafichi hilo. Anasimama akasema, hapa ngojeni, neno hili kwa hawa lina uzito mwingine. Wangu alikuwa anapitisha tu kama aliyelipwa asibishane. Lakini usimtupe kwa kunikasirikia mimi. Bosi akikuletea kesho mashine nyingine yenye mfumo mwingine, utaanza tena sifuri. Ukimtupa baada ya kufikiri, mtupe, kituo ni chako. Naomba kitu kimoja tu cha kazi. Kabla hujapokea hata tone, mwite Mzee Mhina kutoka shambani kwake, uwaite akina mama wawili wa boma moja, wamimine pamoja maji matupu, wagawane, wabadili mawazo, wagawane tena. Kaa uwatazame siku nzima. Mimi sikukaa.

Yeyo bado yupo, nimeuliza. Amekubali kuleta tena, na wengine wanamfuata yeye. Yakimwagika mara ya pili hawatarudi, na sitawalaumu. Kwa hiyo siku kitu kikiganda, na kitaganda, hakuna programu ya nyuzi isiyoganda, ninachokiogopa si kuganda. Nakiona hivi: wewe peke yako kwenye kile chumba, kioo kinaonyesha namba nzuri, nje wanawake wamekaa na vibuyu, na wewe umeshaona kuna kasoro lakini unalikumbuka neno la mama yako. Unasema moyoni, nitalimaliza mwenyewe. Ukiulizwa unasema hakuna. Kama ulivyolala kwenye godoro lile. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kitakuwa changu.

Ningeweza kukuambia haya kesho stendi. Lakini nakujua, na najijua. Kutakuwa na kelele, utakuwa unatafuta mzigo wako, nitasema jambo moja nikimaanisha jingine, gari litaondoka, na wewe utakuwa hukusikia. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimeiweka juu ya shuka zako, ndani ya sanduku, mahali ambapo huwezi kutandika kitanda bila kuiona. Sijali tena nani alipaswa kuanza. Mimi naachia.

Hata simu yangu ikiwa imezimwa, hata ukiita nisisikie kama siku ile, habari ipo hapa, haiendi popote. Na kabla hujalala kwa mara ya kwanza katika chumba kile, isome tena.

Neno la Jumatatu nimelifuta. Hili ndilo lililobaki: nirudie na matatizo.

Mama yako